Nyota Iliyoinama

Mke wangu Kidawa alikuwa akichelewa kurudi, na mimi nilikuwa nikiandika kuchelewa kwake katika daftari lile lile tulilokuwa tukiandikia kuchelewa kwa nyota. Sikuona ubaya wake. Daftari lilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ilikuwa ya nyota, ya kulia ilikuwa tupu, na mtu mwenye wivu hawezi kuona safu tupu akaiacha tupu.

Tuliishi katika nchi ambayo sikumbuki kama iliwahi kuwa na jina. Ilikuwa tambarare nyeupe ya magadi, na miaka yake haikuhesabiwa. Mtu akiulizwa umri alijibu, "Mimi ni wa kabla ya mvua," au, "Mimi ni wa baada," ingawa hakuna aliyekumbuka ilikuwa mvua gani. Kwenye ukingo wa tambarare hiyo palikuwa na kituo chetu: nyumba ya vyumba viwili, dishi la chuma pana kama uwanja wa ngoma, na ngazi ya kulipandia. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Tulisikiliza mchana, jua likiwaka, kwa sababu nyota tuliyopewa haikuwa ya kutazamwa. Sauti yake ililipita jua kama maji yanavyopita kwenye chekeche.

Ilikuwa nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa iliyokufa ikajikunja, ikawa ndogo kiasi kwamba mwenye miguu mizuri angeizunguka kwa siku mbili, kama angeachwa hai kuikanyaga. Na bado ilikuwa nzito kuliko jua. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wake kingeushinda mlima kwa uzito. Ilijizungusha bila kupumzika, na katika kuzunguka ilirusha mwale, kama mtu anayezunguka ameshika tochi. Kila mwale ulipotupitia, hedifoni zilipiga masikioni mwetu: ndu. Tena ndu. Siku ya kwanza kabisa, mimi na Kidawa tukiwa tumekaa bega kwa bega, alinigeukia akasema, "Huyu anatwanga na hachoki." Tulicheka. Nilidhani tutacheka hivyo siku zote.

Lakini nyota ile haikuwa peke yake. Ilizunguka kitu ambacho hatukupata kukisikia. Vitabu hukiita shimo jeusi. Sisi tulikiita Shimo. Shimo halitoi nuru, halitoi sauti, halijibu salamu. Tulilijua kwa kuwa nyota ilichelewa. Kila ilipopita karibu nalo mapigo yalivutika, yakatufikia yamechoka, kwa maana kwenye uzito ule wakati wenyewe huenda polepole. Ilipotoka, mapigo yalijirudi kama mtu anayejipangusa vumbi mlangoni kabla ya kuingia kwa mkewe. Hesabu ya kuchelewa huko tuliijua kwa moyo. Swali tuliloachiwa lilikuwa lingine: je, Shimo linazunguka?

Aliyetuachia swali hilo ni Bi Mize. Yeye ndiye aliyetujengea kituo. Alikuwa mwanamke mzee, kipofu, mwanahesabu, aliyeishi katikati ya tambarare katika nyumba ya duara isiyo na dirisha hata moja. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Njia zote za nchi ile zilipinda kidogo kuelekea kwake, na waliotoka kwake walitembea wakiwa wameegemea upande mmoja, kama watu waliobeba ndoo isiyoonekana. Muda mrefu alikuwa akisema kwamba Shimo lile linazunguka, na wataalamu wa vituo vingine walimcheka kwa heshima, kicheko kibaya kuliko vyote. Maana utalijuaje? Shimo linalozunguka na shimo lililotulia yote ni meusi.

"Usilitazame Shimo," Bi Mize alimwambia Kidawa. "Mtazame jirani yake."

Kidawa aliniletea maneno hayo nyumbani kama mtu aletavyo matunda. Siku hiyo aliweka sufuria ya uji jikoni, akaniita. Alidondosha punje ya kunde pembeni kabisa ya sufuria, mbali na mwiko, kisha akaanza kukoroga katikati, taratibu.

"Itazame kunde," alisema.

Kunde ilikuwa inakwenda. Mwiko haukuigusa, lakini ilikuwa inaizunguka sufuria, na katika kuzunguka ikawa inajipindua, kile kijicho chake cheusi kikaniacha mimi kikatazama kwingine.

"Nani ameisukuma?" Kidawa aliniuliza.

"Hakuna. Uji umekwenda nayo."

"Basi ndivyo hivyo. Shimo likizunguka halivuti vitu tu, linapaburuta mahali penyewe. Nyota iko pale pale ilipo, na pale ilipo panageuka. Itainama bila kupenda, kama pia inayoyumba, na mwale wake utainama nayo. Siku moja hautatupitia tena."

"Nani kakufundisha?"

"Si unajua."

"Nataka uniambie wewe."

"Bi Mize," alisema, na akatabasamu. Tabasamu lile halikuwa langu. Aliipa sufuria.

Tangu hapo nilianza kuhesabu. Alikwenda kwa Bi Mize siku moja kwa juma, kisha mbili, kisha nne. Aliondoka asubuhi akasema anakwenda kunywa kikombe kimoja cha kahawa, na mimi nikapika, nikala, nikaosha vyombo, nikapika tena, nikakata kucha, kucha zikaota. Akirudi, kahawa ilikuwa bado inamnukia mdomoni kana kwamba ameimeza sasa hivi.

"Umekaa sana," nilimwambia.

"Sikumaliza hata kikombe, Shaame."

Hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililoniumiza. Mke mwongo unaweza kumkamata. Kidawa alikuwa mkweli aliyetoka mahali ambako wakati ni mwingine, na mimi nilikuwa mume niliyebaki huku ambako siku ni siku. Alianza kuinamisha kichwa upande, kama vipofu wanavyofanya wakisikiliza. Alianza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Neno "sisi" likapungua mdomoni mwake, au labda mimi ndiye niliyekuwa nikilisubiri sana. Nilijiuliza, jua likiwa utosini na nyota ikitwanga masikioni: mtu akigeuzwa na mahali alipo, amegeuka au amegeuzwa? Na kama amegeuzwa, nimlaumu nani? Yule anayegeuza hakusema neno. Amekaa tu. Kuna ukuu gani huo, wa kukaa tu, na dunia ikakujia? Mimi nimepika. Nimefagia. Nimeita kwa jina. Na bado anakwenda kwa asiyeita.

Kisha nikaiona. Mimi ndiye niliyeiona kwanza.

Kidawa alikuwa ametoka. Mapigo yalikuja membamba. Hayakuwa yamechelewa, kuchelewa tulikujua. Yalikuwa membamba, kama mtu anayezungumza nawe huku anageuza uso. Nilitoa madaftari yote ya nyuma nikapima unene wa pigo, ukurasa kwa ukurasa, tangu tulipoanza. Lilikuwa likipungua polepole, bila kuruka, bila kurudi. Mwale ulikuwa ukituacha. Nikakaa kufanya hesabu. Uzito wa Shimo peke yake ungeweza kuiinamisha nyota kidogo, na kidogo hicho kilijulikana. Hii ilikuwa imeinama kukipita. Nilirudia hesabu mara nne, na kila mara kilichobaki kwenye karatasi hakikuwa na maelezo mengine. Shimo lilikuwa linazunguka. Bi Mize alikuwa akisema kweli miaka yote ile.

Nilipaswa kukimbia mlangoni. Badala yake nilikaa.

Kidawa akirudi nikimwambia, atavaa viatu tena papo hapo. Atakwenda na karatasi yangu mkononi. Atakaa kwenye mkeka ule nisiouona, na watafurahi wawili, na furaha yao itakuwa ndefu, na mimi nitakuwa hapa na sufuria. Nisipomwambia, hatakuwa na la kupeleka. Nisipomwambia, atabaki. Siku moja tu. Nifikirie siku moja tu.

Niliikunja karatasi nikaifukia kwenye debe la unga.

Kidawa aliporudi alivaa hedifoni, akakunja uso. "Mapigo yana nini?"

"Ni dishi," nilisema. "Beringi za kuligeuzia zimekauka. Linakwama, halifuati nyota vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Mbona hukuniambia nipake grisi? Wewe miguu yako na ngazi haipatani."

Ni kweli, kupanda sikuwezi. Akachukua kopo la grisi, akafunga kanga kichwani, akapanda. Siku sita alipanda. Chuma cha dishi, jua la magadi likikipiga, kilikuwa cha moto kama bamba la mkate. Siku ya tatu viganja vilitoka malengelenge. Alivifunga vitambaa akapanda tena. Kila baada ya muda aliinama kutoka juu akaniuliza, "Sasa je?" na mimi, hedifoni masikioni, nikisikia nyota ikiondoka kwa mwendo wake ule ule usiojali grisi, nilimjibu, "Bado."

Siku sita nilisema bado. Na siku hizo sikumwona akienda kwa Bi Mize. Safu ya kulia ya daftari ilikaa tupu. Jioni alinyoosha mikono nikamfungua vitambaa, nikampaka mafuta ya nazi, na alikuwa amechoka, na alikuwa wangu. Zilikuwa siku za furaha, Mungu anisamehe.

Siku ya sita alikaa juu muda mrefu bila kufanya kitu. Nilimwona amekaa ukingoni, miguu ikining'inia, kopo limelala mapajani. Alikuwa ananitazama.

"Sasa je, Shaame?"

"Bado," nilisema.

Alishuka polepole, akanawa, akala.

Siku ya saba nilimwambia nakwenda kutafuta grisi nyingine, nzuri zaidi. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, nyeupe kwa unga. Kidawa alinipa chupa ya maji.

"Nenda," alisema. "Ila usikae sana. Kule ukikaa kidogo, huku inakuwa sana."

Nilitembea. Sikuhitaji kuuliza njia. Nilikaza macho kwenye kilima kilichokuwa mbele yangu nikakiendea moja kwa moja, na kilima kikanihama taratibu hadi kikawa begani, na mbele yangu pakawa na nyumba ya duara. Ndani palikuwa na giza lenye harufu ya kahawa na tangawizi. Nilisimama hadi nikasikia pumzi ya mtu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, Shaame. Karibu mkeka."

"Umenijuaje?"

"Najua mguu ambao si wa Kidawa," alisema.

Nilikaa. Nilimsomea karatasi, sauti yangu ikiwa kubwa kuliko chumba. Akaniomba nirudie mapigo ya mwisho kumi. Nikarudia. Nikasikia kiganja chake kikipita juu ya mkeka, mbele na nyuma, kama mtu anayekusanya unga uliomwagika.

"Linazunguka," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani siku hii nitafurahi zaidi." Akavuta sinia karibu. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Kidawa alisema hivyo."

"Kidawa?"

"Alikuja jana alfajiri. Hakuingia, alisimama pale mlangoni. Akasema, mume wangu ameona jambo kubwa, atakuletea mwenyewe. Akija, usimuulize kwa nini amechelewa." Kikombe kiligonga sinia. "Basi mimi sikuulizi."

Nataka niseme kwamba aibu ndiyo iliyonijia kwanza. Haikuwa hivyo. Aibu ilikuwa ya pili. Kilichonijia kwanza, kabla sijavuta pumzi, kilikuwa hiki: hata hapa amenitangulia.

Nikauliza swali nililolibeba tangu siku ya sufuria. "Bi Mize, unampendea nini Kidawa?"

"Nani kasema nampenda? Akija nakaa naye. Asipokuja nakaa."

"Humwiti?"

"Sijapata kumwita mtu maishani mwangu. Wewe nani alikuita?"

Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimekaa miaka kwenye ukingo wa tambarare nikimngoja mwanamke huyu asiyeita aniite, na alipoketi karibu naye mke wangu, nikasema nina wivu. Wivu ni wa mtu anayeogopa kunyang'anywa chake. Changu mimi hakikuwa wivu. Kilikuwa kijicho. Sikuwa nikimtaka Kidawa arudi nyumbani upesi. Nilitaka niwe mimi ndiye ninayechelewa.

"Kunywa," alisema Bi Mize, na kikombe kikanifikia mkononi.

Nilipaswa kuondoka. Kahawa ilikuwa tamu. Aliniuliza habari za kosa dogo kwenye ukurasa wa pili, nikamweleza, akacheka, na kicheko chake kilinishukia kama maji kwa mtu mwenye kiu. Aliniuliza jingine. Nilimjibu vizuri. Sikumaliza hata kikombe.

Nilipotoka jua lilikuwa pale pale. Nilipofika kituoni dishi lilikuwa limeota kutu upande mmoja. Kidawa alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, akiandika kwa mkono wa kulia, na pembeni mwa paji lake palikuwa na mvi ambazo sikuzijua. Kando yake kulikuwa na rundo la madaftari mapya.

"Misimu mitatu," alisema kabla sijauliza.

"Sikumaliza hata kikombe, Kidawa."

"Najua."

Aliniambia kwa utulivu kwamba nyota imenyamaza. Pigo la mwisho alilisikia juzi, jembamba kama uzi, kisha mwale ukapita juu yetu ukaenda zake. Nyota ilikuwa bado inazunguka kule kule, bado inatwanga, lakini si kwetu. Kwa hesabu yake itayumba ikageuka tena upande huu, na muda itakaoutumia ndio utakaosema Shimo linazunguka kwa kasi gani. Hiyo ni kama itabaki hai, kwa sababu kila mzunguko inalisogelea Shimo unywele mmoja. Mtu atahitajika kukaa hapa na kuandika kimya, siku kwa siku, asije akaikosa siku ya kurudi.

"Siku ya tano ya kupaka grisi nilikwenda kupika," alisema kisha, "nikaikuta karatasi kwenye debe la unga."

Nilisimama na chupa tupu mkononi.

"Na siku ya sita ulipanda."

"Nilipanda nikijua. Nilitaka unambie nishuke."

Upepo ulipeperusha magadi kidogo, yakatua kwenye viganja vyake, na nikaona makovu. Nikamwambia yote, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Nikamwambia nilidhani ni wivu juu ya Bi Mize, na kule nikajua ni yeye, mke wangu, niliyekuwa nikimwonea kijicho. Nilitaka niwe mimi ninayechelewa kurudi.

"Haya," alisema Kidawa. "Umechelewa."

"Mahali pale panageuza watu. Umeniambia mwenyewe, kwenye sufuria. Kunde haina kosa."

"Kunde haina miguu, Shaame. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, nikarudi kwa miguu yangu. Hukuandika hilo. Nimeisoma safu yako. Umeandika kila siku niliyochelewa, hukuandika kwamba kila siku nilirudi."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fuko ambalo lilikuwa limeshafungwa. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mama yake, mashariki, ng'ambo ya magadi.

"Si kwa Bi Mize?"

Alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma pigo la mwisho kuhakikisha hakukosea.

"Umeona?" alisema. "Hilo ndilo ulilouliza kwanza."

"Baki, Kidawa."

"Ungeanza na hilo."

Aliniachia hedifoni juu ya kigoda, akaondoka. Nilisimama mlangoni nikimtazama hadi akawa alama ndogo juu ya weupe. Niliangalia kama njia yake itapinda kuelekea katikati, kama zinavyopinda zote. Haikupinda. Hata hapo, naungama, moyo wangu ulichomwa: kwamba yeye anaweza.

Kisha niliingia ndani nikakaa, nikavaa hedifoni. Palikuwa na mvumo tu. Nikachukua daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nikaandika taarifa ya kupelekwa vituo vyote: lini mapigo yalianza kuwa membamba, nyota imeinama kiasi gani, hesabu inasema nini kuhusu Shimo. Nikaandika kwamba siku sita mwandishi alijua na akanyamaza, na kwamba siku hizo sita mwenzake alipanda dishi bila sababu. Nikaandika pigo la mwisho, ambalo sikulisikia mimi. Chini yake nikaandika jina la Kidawa, kisha langu. Nikalitazama jina langu nikalifuta. Kisha nikaona kwamba hata katika kulifuta nilikuwa nataka mtu anione nikilifuta. Nikaliandika tena, chini ya lake, nikageuza ukurasa, nikaandika: Siku ya kwanza. Hakuna.